Mbilikimo na Lumbesa

Gunia jipya la katani lina harufu yake. Linanuka mafuta ya taa na majani makavu, na harufu hiyo hukaa mikononi hata ukinawa kwa sabuni. Juzi mume wangu alileta gunia moja nyumbani la kuwekea mkaa, akalitupa sebuleni, na mimi nikiwa jikoni nikalisikia kabla sijaliona. Hasira ikanipanda hapo hapo. Nikamwambia alitoe nje. Akauliza kuna nini, nikamwambia litoe tu, na yeye ananijua, akalitoa. Sisi tuliokulia Ufipa miaka ile ya ruksa kila mmoja ana kitu kinachomrudisha kule. Wengine wanataja makoti ya mitumba yaliyokuwa yananuka dawa ya nondo, wengine ile sabuni ya kuogea iliyorudi madukani baada ya miaka ya kuogea majivu. Mimi ni gunia. Nikilinusa namkumbuka Bwana Gaudensi, na nikimkumbuka Bwana Gaudensi sina amani, wala siitafuti.

Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wengi hupenda kumbukumbu za utotoni zinazoishia kwa kusameheana. Mimi nimekwenda kanisani maisha yangu yote, nimesali Baba Yetu mara zisizohesabika, na pale penye kusamehe waliotukosea huwa napapita haraka haraka.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya kwenda Kasesya, kwenye uwanda ambao mwezi wa saba upepo hauna pa kuzuiliwa, unakuja moja kwa moja mpaka ndani ya blanketi. Mama alilima mahindi na ulezi peke yake. Baba alikwenda Kipili kuvua akasema atarudi kabla ya mvua. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena, na sisi tukaacha kumtaja. Mama alikuwa mfupi. Nalisema wazi kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Nilipofika darasa la nne mabega yetu yalikuwa sawa. Kanga za watu wengine zilimfika magotini, yake iliburuza, akawa anaikunja kiunoni. Kihenge chetu kilikuwa na mlango juu, na ili aufikie alipindua kinu akapanda juu yake. Lakini jembe alilishika kuliko wanaume wa kijiji kile, na matuta yake yalinyooka mpaka wapita njia wakauliza ni shamba la nani. Jina lake Apolonia. Kijijini walimwita Mama Yustina kwa sababu yangu mimi.

Zamani mahindi yalikuwa yananunuliwa na chama cha ushirika kwa mizani. Mizani haikuwa na utani, ila malipo yalichelewa mpaka watu wakasahau walimuuzia nani. Ilipokuja ruksa ya biashara, kila mwenye lori akawa mnunuzi, na kwetu mwenye lori alikuwa Bwana Gaudensi wa Majengo, mjini Sumbawanga. Alikuwa mrefu, mrefu hasa, na alivaa koti la mtumba lililomfika magotini, jeusi, lenye vifungo vya dhahabu vya uongo. Alisimama juu ya lori lake akaonekana kabla lori halijaonekana. Alikuja na chumvi, betri, sabuni, kanga mpya, na peremende za kutugawia watoto. Tulimpenda sana. Tulikuwa tunakimbilia vumbi la lori lake tukilishangilia.

Yeye hakuwa na mizani. Alinunua kwa gunia, na gunia lake lilikuwa lumbesa. Kwa ambaye hajawahi kuliona, nieleze. Gunia la kawaida likijaa linashonwa mdomo, basi, kazi imekwisha. Lumbesa likijaa ndiyo kwanza kazi inaanza. Linashonewa kipande cha gunia jingine mdomoni, kinakuwa kama shingo, mahindi yanamwagwa tena, yanashindiliwa kwa mti, yanamwagwa tena, mpaka gunia linasimama refu kuliko aliyelileta. Kisha mkulima analipwa gunia moja. Ukiuliza, unaambiwa ndivyo wanavyofanya Mbeya.

Siku Bwana Gaudensi alipompa mama lile jina, nilikuwepo. Mama alikuwa amefika na debe lake kichwani, na mdomo wa gunia ulikuwa umemzidi kimo. Bwana Gaudensi akaweka mikono kiunoni kule juu ya lori, akasema kwa sauti ya kusikika na mtu aliye mbali, "Jamani, mpisheni Mbilikimo. Mpeni na kigoda, angalau aone mahindi yake yanakoingia."

Foleni nzima ikacheka. Mama naye akacheka, huku ameziba mdomo kwa pindo la kanga. Mimi nikacheka kwa sababu mama amecheka.

Neno lile lilikuwa geni kwangu. Nyumbani tulisema Kifipa, Kiswahili kilikuwa cha shule na cha wafanyabiashara, na neno lolote la Kiswahili lililotoka kwa mtu mwenye lori niliona lazima ni kubwa. Nikalivunja vipande mwenyewe, kama tulivyokuwa tunafundishwa darasani: mbili, kimo. Nikapata maana yangu. Mbilikimo ni mtu mwenye vimo viwili. Na kwa macho yangu ilikuwa kweli tupu, maana mama alikuwa na kimo cha chini, cha shambani na kanisani, na kimo cha juu ya kinu, ambapo kichwa chake kiligusa nyasi za paa na sauti yake ikashuka kutoka juu ikisema, "Yustina, lete ungo." Watu wengine wote walikuwa na kimo kimoja, mpaka wanazeeka nacho. Nikaona mama yangu amepewa sifa mbele ya kijiji kizima na mtu mkubwa kutoka mjini.

Jioni ile nikapanda juu ya kinu nikatandaza mikono. "Mama, na mimi ni mbilikimo."

Alikuwa anapepeta ulezi. Ungo ukasimama. "Nani kakufundisha hilo?"

"Si Bwana Gaudensi anakuita hivyo wewe?"

Akaniangalia, kisha ungo ukaanza tena. "Shuka. Utavunjika mguu."

Nikashuka, nikiamini shida yake ni mguu wangu.

Jina likakaa. Lilianza kwenye lori, likaenda kisimani, likaingia mpaka kwenye vilabu vya pombe ya kimpumu. Hata jirani yetu Mama Masanja, Msukuma mmoja aliyekuja na mume wake na ng'ombe wao kutoka kule kaskazini, mtu mwema asiye na neno baya na mtu, akawa anapita asubuhi na kusalimia, "Mbilikimo, umeamkaje?" Hakuwa na nia mbaya. Alidhani ni jina, kama mtu anavyoitwa Neema. Na mama akaitikia kuwa ameamka salama. Ikafika mahali Apolonia akawa anaitwa Apolonia na padri tu, na padri alikuwa anakuja kigangoni kwetu kwa nadra.

Nilikaa na maana yangu ya kijinga mpaka darasa la nne. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliandika ubaoni maneno akatutaka tutunge sentensi. Neno mojawapo lilikuwa mbilikimo. Nikanyoosha mkono mpaka nikanyanyuka kwenye dawati, nikaomba, "Mimi, mwalimu, mimi," nikasimama, nikasema kwa sauti, "Mama yangu ni mbilikimo hodari."

Darasa lilicheka mpaka la jirani likatuma mtu kuuliza. Kuna mvulana aliyeanguka chini ya dawati. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao, lakini niliyaona mabega yake yanatikisika. Alipomaliza akageuka, akatuliza watu kwa kugonga chaki, akaeleza. Mbilikimo, akasema, ni mtu mfupi kupita kiasi. Asili yake ni mbili na kimo. Watu wa misafara ya zamani kutoka pwani walipofika kwenye misitu ya Kongo waliwakuta watu wafupi, wakasema hawa kimo chao ni dhiraa mbili tu. Akaonyesha dhiraa: kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. "Ndivyo inavyosemwa," akamalizia, "kaa chini, Yustina."

Nilikaa. Sikulia. Niliviangalia vidole vyangu mpaka kengele ikalia, nikawa najiona nimesimama juu ya kinu na mikono nimeitandaza, na mama ananiangalia akiwa ameshika ungo. Aibu ya darasani ilipita siku ile ile. Ile ya kwenye kinu ninayo mpaka leo.

Jumapili iliyofuata, baada ya sala, mama alijinyoosha kwenye mkeka juani, usingizi ukampitia. Nikachukua kamba ya gunia, nikaipima kwa mkono wake yeye, kiwiko mpaka ncha ya kidole, nikafunga fundo. Kisha nikampima kutoka kisigino mpaka utosini. Nilitegemea mbili. Ikaja nne. Nikadhani nimekosea, nikarudia, ikaja nne. Nikajipima mimi kwa mkono wangu, nne. Nikaenda kwa Mama Masanja, mwanamke mrefu kama mlango, nikamwomba mkono wake, akanipa huku akicheka, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, unanishonea gauni?" Nne. Kila mtu ni dhiraa nne za mkono wake mwenyewe. Ili uwe dhiraa mbili lazima upimwe na mkono wa mtu mwingine, tena mwenye nia mbaya.

Mpaka leo nikilisikia lile neno nawaza watu wale wa msituni. Walikuwa na jina lao, wakiitana kila siku. Hakuna aliyewauliza. Msafara ulipita, mtu akakunjua mkono wake, akasema mbili, na ndivyo walivyoandikwa.

Niliporudi kutoka kwa Mama Masanja, mama alikuwa ameamka ameiona kamba. "Unanipima sanduku? Mimi sijafa."

"Mama, unajua maana ya mbilikimo?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Sasa mbona unacheka?"

Akaichukua kamba, akaifungua fundo kwa meno, kwa sababu kwake kamba haikutupwa. "Nisipocheka atanunua mahindi yangu? Lori ni la nani?" Akaikunja kamba. "Wewe unaliangalia jina. Jina si kitu. Hujaona kwamba ananiita wakati gunia limeshajaa? Ananiita, watu wanacheka, na mtu anayecheka haangalii gunia. Wakimaliza kucheka, shingo imeshashonwa."

Hapo ndipo nilipomchukia mtu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na nilimchukia kwa ukamilifu. Kumbe halikuwa hata tusi la bure. Alikuwa anautumia ufupi wa mama yangu kuibia mahindi ya mama yangu, na kijiji kizima kinamsaidia kwa kucheka, na mimi nikiwa mbele kabisa nimeshika peremende.

Nikaamua nitamlipa. Sikuwa na lori wala mizani wala baba. Nilikuwa na mdomo. Yeye alitumia neno, nami nitatumia neno. Watu wanafikiri mtoto akiwa na kinyongo kinapita baada ya chakula. Mimi kinyongo changu nilikilea. Nilikwenda nacho kisimani na shambani, nikiwa natafuta jina la kumpa Bwana Gaudensi, moja tu, litakalomganda.

Halikupatikana upesi. Nilijaribu njorinjori. Nilijaribu ngongoti. Lakini mrefu ukimwita mrefu umemsifu, atakupa na peremende. Nilijaribu majina ya wanyama, yakawa ni matusi tu, na tusi huisha siku ile ile. Nilitaka jina ambalo kila atakayelisikia ataelewa mwenyewe, bila kuelezwa. Basi siku moja tuko foleni, jua limetuwakia, yeye amesimama chini kando ya gunia lililokwisha kushonwa shingo, na koti lake refu, na kofia yake juu. Nikaviona viwili vile pamoja. Vilikuwa na umbo moja. Na vyote viwili, kile kilichozidi juu kilikuwa ni cha watu. Nikasema moyoni, nimekupata.

Sikulisema siku ile. Nililipeleka shuleni, kwenye kuruka kamba. Wasichana wenzangu watakumbuka tulivyokuwa tunashika kamba wawili, mmoja anaruka, wengine wanaimba. Nikawafundisha wimbo mpya:

Lumbesa, Lumbesa,
umejaa cha nani?
Cha mama, cha mama.
Shusha, shusha, Lumbesa!

Kwenye "shusha" anayeruka anachuchumaa huku kamba inapita juu. Walipouliza Lumbesa ni nani niliwaambia ni yule mwenye koti. Haikuhitaji maelezo zaidi. Wiki ile shule nzima ilikuwa inauimba, na wenzetu waliotoka vijiji vya mbali wakarudi nao kwao.

Bwana Gaudensi alipokuja tena, watoto hawakukimbilia vumbi. Walikaa kando ya barabara wakalingoja lori lipite, wakasema wote, "Lumbesaaa." Akapunga mkono. Alidhani wanamwamkia.

Akapanga magunia yake, akaanza kununua. Foleni ikasogea mpaka ikafika zamu ya mama. Gunia likajaa. Nikamwona anajinyoosha, anaweka mikono kiunoni, nikajua sasa anaita. "Haya, mleteeni Mbilikimo kigoda."

Kabla watu hawajacheka, kitoto kimoja kilichokuwa mgongoni mwa dada yake kikasema kwa sauti nyembamba, "Lumbesa." Kilikuwa ndiyo kwanza kinajifunza kusema. Hapo Mama Masanja akapasuka. Alikuwa na kicheko kikubwa kinachoanzia tumboni, na akishaanza huwezi kumzuia. Akamwangalia Bwana Gaudensi, akaliangalia gunia lenye shingo, akamwangalia tena Bwana Gaudensi, akajipiga paja. Foleni ikafuata macho yake. Niliyaona macho ya watu yanakwenda kwa mtu yule, yanakwenda kwenye gunia, yanabaki kwenye gunia. Safari hii walicheka wanaangalia gunia. Mpakizi aliyekuwa ameshika sindano ya kushonea akaiweka chini, maana naye alikuwa anacheka.

Bwana Gaudensi akashuka. Uso ulikuwa umebadilika. "Nani ameanzisha huu upuuzi?"

Nikanyoosha mkono, kama darasani. "Mimi."

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Apolonia."

Hakumjua Apolonia. Ilibidi mpakizi amwonyeshe kwa kidevu. Akamgeukia mama, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Chukua mahindi yako. Mahindi ya nyumba hii mimi sinunui, leo wala mwakani."

Tuliyarudisha nyumbani debe moja moja. Mama alinichapa kwa ufito mpaka ufito ukakatika, na nikamwachia anichape, maana nilijua anachonichapia. Msimu ulikuwa umekwenda, lori jingine hatukuwa nalo, na dumuzi walikuwa wameingia kihengeni. Usikilize usiku uwasikie wanavyotafuna mahindi ya mtu. Mahindi yale ndiyo yalikuwa sare yangu, chumvi yetu, na mbolea ya mwaka unaofuata. Mama alikaa siku kadhaa bila kusema nami zaidi ya lete na weka. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Umeniponza, Yustina. Nilikuwa nauza kwa kucheka. Sasa nitauza kwa nini?"

Ningesema najuta ningekuwa mwongo. Niliogopa njaa, hilo ni kweli. Lakini nilipolala nilimwona Bwana Gaudensi anashuka kwenye lori na uso wake ule, na usingizi ukanijia vizuri.

Aliyetuokoa ni Mama Masanja. Alikuja asubuhi moja na mume wake, na mkokoteni, na ng'ombe wawili weupe wenye pembe ndefu. Akasimama mlangoni akasema, "Apolonia, mahindi hayauzwi kwa Lumbesa peke yake. Mjini kuna mizani." Sijui nani alimfundisha lile jina Apolonia. Nadhani alilishika siku ile nilipomjibu Bwana Gaudensi. Mama alibaki amesimama kwanza, kisha akaingia ndani akaanza kutoa magunia, magunia ya kawaida, mafupi, yaliyoshonwa mdomo.

Safari ya mkokoteni mpaka Sumbawanga si mchezo. Tulitembea kando ya ng'ombe, tumejifunga mablanketi, vumbi la malori likitupita. Tulipofika Majengo hatukujua pa kwenda. Mama alikuwa hajafika mjini tangu harusi yake. Palikuwa na vijana wamekaa juu ya mapipa, mmoja ana redio. Mama akawauliza wanunuzi wa mahindi wenye mizani wako wapi.

"Nyoosheni na barabara hii, mama," akasema yule mwenye redio. "Mkifika pale Kwa Lumbesa, kateni kushoto."

Mama akasimama. "Kwa nani?"

"Kwa Lumbesa. Lile duka la milango ya bluu. Yule jamaa mrefu, mwenye lori."

Jina lilikuwa limetutangulia. Lilisafiri kwa lori lake mwenyewe, kwa midomo ya wapakizi wake mwenyewe, likashuka Majengo kabla yetu sisi wa mkokoteni. Nikamwangalia mama nikaogopa, nikijua ufito mwingine unakuja. Mama alikuwa anaangalia lile duka. Halafu akacheka. Kanga ilikuwa mabegani na hakuivuta. Alicheka mdomo wazi, mpaka nikaona jino lake la nyuma limeng'olewa, kitu ambacho sikuwahi kukijua. Akacheka mpaka akashika mkokoteni. Wale vijana wakaanza kucheka naye bila kujua sababu. Tulikata kushoto, tukauza kwa mizani, na mama akala wali kwa nyama kwenye mgahawa, amekaa kwenye kiti, miguu inaning'inia, hana habari na mtu.

Bwana Gaudensi hakuweza kuliondoa lile jina. Alijaribu. Aliandikisha jina lake kwa rangi nyekundu juu ya milango ya bluu, watu wakasema Kwa Lumbesa pamepakwa rangi. Alitishia, wakalisema akigeuka. Watoto wake wakasoma wakiitwa hivyo. Nilikuwa nikienda mjini napita pale makusudi, hata kama sina cha kununua, nisikie tu mtu akielekezwa.

Mama tumemzika, yapata mwaka sasa. Juu ya msalaba wake nimeandikisha Apolonia, herufi kubwa. Baada ya siku za matanga kuisha nilishuka mjini kununua vitu, nikamkuta Bwana Gaudensi amekaa kwenye kiti nje ya duka. Ni mzee. Mgongo umepinda, koti limekuwa kubwa, na akikaa kichwa chake kilinifika kiunoni. Nikapiga goti kama ninavyopaswa. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

"Wa Apolonia. Kule barabara ya Kasesya. Ulikuwa unamnunulia mahindi."

"Niliwanunulia wengi. Apolonia yupi?"

"Yule mfupi."

Uso wake ukachangamka, wa mtu aliyekumbuka jambo tamu. "Aa, Mbili—" Akaishia hapo. Alikuwa ananiangalia mkono, kana kwamba nimeunyoosha. "Ni wewe."

"Ni mimi."

Akageukia mlango. Watu walikuwa wanaingia na kutoka dukani. Kisha akasema taratibu kwamba mwaka jana aliugua akalazwa, wakamwombea kanisani. Msomaji alipotaja jina Gaudensi hakuna aliyemjua, mpaka mtu akanong'ona kuwa ni Lumbesa, na watu wakacheka katikati ya sala. Wajukuu walikuwepo, ndio waliomsimulia.

"Mimi nilikuwa namtania tu mama yako," akasema. "Utani wa kawaida. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka."

"Alikuwa anacheka, ndiyo."

"Sasa wewe ukanifanyia hivi. Nitakufa na jina hili, binti yangu. Nifanyeje?"

"Cheka, baba," nikamwambia. "Cheka kama mama yangu."

Alinitazama kuona kama nina huruma. Alipoona sina, akainua mkono, akaziba mdomo kwa pindo la koti, akacheka. Nilisimama pale pale, nikamsikiliza mpaka akamaliza.